POMPEY: JEMEDARI ALIYEPONZWA NA VIGELEGELE

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi hata imechakaa. Mwaka huu nimeamua kuitumia tena, kwa sababu nimempata mtu ambaye inamfaa kuliko wagema wote ninaowajua. Mtu huyo ni Gnaeus Pompeius, jemedari wa Roma ya kale anayejulikana zaidi kwa jina la Pompey.

Wengi wetu tunamjua Julius Caesar. Waliosoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, watakumbuka mchezo unavyoanza. Watu wa Roma wameacha kazi zao ili wamshangilie Kaizari. Viongozi wawili wanawakemea na kuwauliza kama wamemsahau Pompey, ambaye watu hao hao walikuwa wakikwea kuta na madirisha ili wamwone akipita. Nilipofika hapo nilijiuliza: Pompey huyu ni nani, na mbona watu waliompenda hivyo wakamsahau upesi hivyo? Katika mchezo wenyewe hatokei hata mara moja, kwa maana alikwisha kufa. Basi nikaanza kumtafuta vitabuni, na haya ndiyo niliyoyapata.

Pompey alizaliwa tarehe 29 Septemba mwaka wa 106 K.K. Baba yake alikuwa jemedari pia. Alipokuwa na umri wa miaka 23 tu, alikusanya jeshi lake mwenyewe huko Picenum, sehemu ya Italia ambako baba yake alikuwa na mashamba na wafuasi, akaenda kumsaidia Sulla katika vita vya Warumi kwa Warumi. Hakuwa na cheo chochote cha serikali. Alishinda Sicily, akavuka bahari akashinda Afrika ya Kaskazini, na akapewa jina la Magnus, yaani Mkuu. Aliporudi Roma alitaka kuingia mjini kwa gari linalokokotwa na ndovu wanne wa kutoka huku kwetu Afrika. Lo! Lango la mji likawa jembamba, ndovu hawakupita. Ikabidi atumie farasi kama watu wengine. Tafadhali muwakumbuke ndovu hao, kwa sababu tutakutana na ndugu zao huko mbele.

Nia yangu hasa ni kusimulia nusu ya pili ya maisha yake, ambayo ilianza kwa sifa kubwa zaidi. Mwaka wa 67 K.K. Bahari ya Mediterania ilikuwa imejaa maharamia. Meli za ngano hazikufika Roma, bei ya chakula ikapanda, watu wakawa na njaa. Caesar mwenyewe katika ujana wake aliwahi kutekwa na maharamia hao mpaka akalipiwa fidia. Wananchi wakampa Pompey mamlaka juu ya bahari yote. Inasemekana kwamba siku ile ile aliyochaguliwa, bei ya ngano ilishuka sokoni, hata kabla hajapanda merikebu! Naye hakuwaangusha. Aliigawa bahari katika sehemu 13, kila sehemu akaipa kamanda wake na meli zake, kisha yeye akafagia kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa magharibi ulisafishwa kwa siku 40, na kazi yote ikamalizika kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Lakini lililonipendeza zaidi ni lile alilofanya baadaye. Warumi walizoea kuwasulubisha maharamia. Pompey aliwachukua wengi wa mateka wake akawapa mashamba na miji iliyokuwa imebaki mahame, mbali na bahari, ili wawe wakulima. Alisadiki kwamba binadamu hazaliwi mnyama wa mwitu, na kwamba akipewa maisha mengine anaweza kubadilika. Jamaa huyu hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana kisa chake kinauma.

Mwaka uliofuata alipelekwa mashariki kupigana na mfalme Mithridates, ambaye alikuwa amewasumbua Warumi kwa miaka mingi. Akamshinda. Akaifanya Syria kuwa jimbo la Roma, na mwaka wa 63 K.K. akauteka mji wa Yerusalemu. Aliingia ndani ya hekalu mpaka Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo kuhani mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia. Wayahudi hawakumsamehe kwa jambo hilo, lakini hazina ya hekalu hakuigusa.

Mwishoni mwa mwaka wa 62 K.K. alitua Brundisium, bandari ya kusini mwa Italia, akiwa na jeshi lililoshinda kila mahali. Roma nzima ilishika roho mkononi. Kila mtu alijua alivyofanya Sulla aliporudi na jeshi: alichinja watu na kujifanya dikteta. Pompey alifanya nini? Aliwashukuru askari wake akawaambia waende makwao. Yeye akatembea kwenda Roma kama raia, na watu wa kila mji wakatoka kumsindikiza. Mwaka uliofuata, tarehe 28 na 29 Septemba, alifanyiwa gwaride la ushindi la siku mbili, na siku ya pili ndiyo aliyotimiza miaka 45. Kama angekufa wiki hiyo, pengine leo tungemtaja kuwa mtu mwenye bahati kuliko Warumi wote.

Hakufa. Alianza siasa, na siasa si vita. Aliwaomba wazee wa Seneti mambo mawili tu: waidhinishe mipango aliyoifanya mashariki, na wawape askari wake mashamba. Wakamzungusha. Alizoea kushangiliwa, hakuzoea kuzungushwa. Kwa hasira akafanya mapatano na watu wawili: Crassus, tajiri mkubwa wa Roma, na Julius Caesar, ambaye wakati huo alikuwa anapanda ngazi. Wenyewe tunasema figa moja haliinjiki chungu. Basi hawa wakawa mafiga matatu, na chungu kilichoinjikwa juu yao kilikuwa Roma yenyewe. Caesar alipokuwa konsuli, cheo kikubwa kuliko vyote serikalini, mwaka wa 59 K.K., Pompey alipata alichotaka. Pia alimwoa Julia, binti ya Caesar.

Ndoa hiyo ilikuwa ya siasa lakini, kumbe, wakapendana kwelikweli. Julia alikuwa mdogo sana kwa mumewe, na watu wa mjini walimcheka Pompey kwa kushinda na mkewe katika mashamba na bustani badala ya kufanya kazi za serikali. Wakati huo Caesar alikuwa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, akishinda vita mwaka baada ya mwaka na kujifunzia jeshi lililompenda kama baba.

Mwaka wa 55 K.K. Pompey alifungua jumba kubwa la michezo ya kuigiza, la kwanza la mawe na la kudumu mjini Roma. Kando yake kulikuwa na ukumbi ambamo Seneti ingeweza kukutana, na ndani ya ukumbi huo ikawekwa sanamu yake. Katika sherehe za ufunguzi alileta ndovu wapatao 20 wapigane na watu wenye mikuki. Alitarajia vigelegele. Ndovu walipoona hawana pa kukimbilia, walilia kwa sauti za kusikitisha mpaka umati ukaingiwa na huruma. Watu wakasimama, wakitokwa na machozi, wakamlaani Pompey. Nafikiri hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba umati unaokupigia makofi asubuhi unaweza kukulaani jioni. Lakini hakujifunza.

Mwaka uliofuata, 54 K.K., Julia alifariki akijifungua, na mtoto wake akamfuata baada ya siku chache. Mwaka wa 53 K.K. Crassus aliuawa vitani huko Carrhae akipigana na Waparthi. Figa moja limeondoka, na kamba iliyofunga mawili yaliyobaki imekatika. Chungu kingekosaje kumwagika?

Sasa wale wazee wa Seneti waliomzungusha zamani wakaanza kumwita mwokozi wao, kwa kuwa walimwogopa Caesar zaidi. Mwaka wa 52 K.K., fujo zilipozidi mjini, walimfanya konsuli peke yake, jambo ambalo halikuwa kawaida kabisa. Kisha mwaka wa 50 K.K. akaugua sana huko Naples. Alipopona, miji ya Italia ilifanya sikukuu. Watu walivaa mashada ya maua, wakashika mienge, wakamrushia maua njiani alipokuwa akirudi. Pompey akaona kwamba Italia nzima ni yake. Alipoulizwa ni jeshi gani litakalomzuia Caesar, alijibu kwa tabasamu kwamba popote atakapopiga mguu chini Italia, majeshi yatachipuka kutoka ardhini. Wandugu, maua si askari, na mtu anayekurushia ua hajaahidi kukufia!

Januari mwaka wa 49 K.K. Caesar alivuka mto Rubicon akiwa na legioni moja tu. Roma ikashikwa na kiwewe. Seneta mmoja, Favonius, alimwambia Pompey kwa kejeli apige huo mguu sasa. Majeshi hayakuchipuka. Pompey akauacha mji, na katika haraka hiyo hata hazina ya serikali ikaachwa nyuma. Tarehe 17 Machi alisafiri kutoka Brundisium kwenda ng'ambo, upande wa Ugiriki. Mkakati wake haukuwa wa kipumbavu, kwa sababu alikuwa na meli nyingi na marafiki wengi mashariki, na Caesar alikosa vyote viwili.

Mwaka wa 48 K.K. walikutana huko Dyrrhachium, mji ambao leo unaitwa Durrës katika nchi ya Albania. Askari wa Caesar walikuwa na njaa mpaka wakasaga mizizi kutengeneza mkate. Pompey alipoonyeshwa mkate huo alisema anapigana na wanyama, akaamuru ufichwe ili askari wake wasiogope. Mwezi wa Julai alizivunja ngome za Caesar na kuwafukuza watu wake, lakini hakuwafuata mpaka mwisho, pengine kwa kuhofia mtego. Caesar mwenyewe alikiri kwamba siku hiyo vita vingekwisha kama maadui wangekuwa na mtu anayejua kushinda.

Hapa ndipo mimi na rafiki yangu mmoja wa chama cha Kiswahili tulipobishana. Yeye anasema Pompey alishindwa kwa sababu Caesar alikuwa mkali zaidi vitani, basi. Mimi sikatai ukali wa Caesar. Lakini tutazame yaliyofuata. Caesar alirudi nyuma mpaka Thessaly akiwa na watu wachache na chakula kidogo. Pompey alijua la kufanya: asipigane, amfuate polepole, amnyime chakula, amwache njaa immalize. Ulikuwa mpango mzuri, na yeye alikuwa mzoefu wa vita tangu ujana.

Shida ilikuwa marafiki zake. Kambi yake ilijaa mabwana wakubwa wa Roma waliotaka kurudi makwao. Walimcheka, eti anaogopa. Wakamwita Agamemnon, mfalme wa wafalme, wakisema anachelewesha vita ili aendelee kuwatawala. Wengine walikwisha kutuma watu Roma kuwakodishia nyumba karibu na uwanja wa mji, tayari kwa kugombea vyeo. Watatu waligombana nani atapata ukuhani mkuu wa Caesar, ilhali Caesar mwenyewe yu hai na upanga mkononi. Hapo Pompey angesema neno moja tu: Hapana. Hakuweza. Mtu aliyewapatanisha maharamia na jembe alishindwa kustahimili kuchekwa na wenzake. Sisi wanafunzi tunazijua sana sauti za namna hiyo. Twende bwana, unaogopa nini? Wewe mtoto wa mama? Nilishangaa kuona kwamba sauti hizo hazimwachi mtu hata akiwa na miaka 57 na majeshi nyuma yake.

Tarehe 9 Agosti 48 K.K. walipigana karibu na Pharsalus. Kwa hesabu aliyoiandika Caesar, Pompey alikuwa na askari wa miguu 45,000 na wapanda farasi 7,000. Yeye alikuwa na 22,000 na farasi 1,000 tu. Pompey alitegemea farasi wake wamzunguke Caesar upande mmoja. Caesar akaling'amua hilo akaficha vikosi vya miguu nyuma ya farasi wake. Wapanda farasi wa Pompey walipokuja kwa kishindo, wale waliofichwa wakainuka, wakawachoma mikuki bila kuwapa nafasi. Wakakimbia. Upande huo wote ukabaki wazi. Pompey alipoona hivyo hakusema kitu. Aliondoka akaenda kuketi hemani mwake kama mtu aliyepotewa na akili, mpaka aliposikia adui wanaingia kambini. Hapo akapanda farasi akatoroka. Watu wa Caesar walikuta meza zimekwisha kuandaliwa vyombo vya fedha kwa karamu ya ushindi.

Jemedari aliyekuwa na maelfu kwa maelfu sasa alikuwa na wenzake wachache. Alipofika bonde la Tempe alijitupa kifudifudi akanywa maji ya mto, maana alikuwa na kiu. Alilala katika kibanda cha mvuvi, kisha akachukuliwa na meli ya ngano. Alimpitia mkewe Cornelia, aliyemwoa baada ya Julia, katika kisiwa cha Lesbos. Mama huyo alikuwa akingoja habari za ushindi. Alipoambiwa kuna meli moja tu, na hata hiyo si ya mumewe, alizimia.

Waende wapi? Wakashauriana, wakachagua Misri. Mfalme wa Misri, Ptolemy wa 13, alikuwa mtoto wa miaka kama 13, naye wakati huo alikuwa vitani na dada yake Cleopatra. Baba wa mfalme huyo alirudishiwa kiti chake mwaka wa 55 K.K. na watu wa Pompey. Kwa hiyo Pompey alitarajia shukrani. Masikini, hakujua kwamba fadhila ya punda ni mateke.

Wakuu wa mfalme walifanya mkutano: Pothinus towashi, Achillas mkuu wa jeshi, na Theodotus, mwalimu wa mfalme wa ufasaha wa lugha. Walimu wetu wasinikasirikie, lakini ni mwalimu huyo aliyetoa shauri baya kuliko yote. Alisema wakimpokea, Caesar atakuwa adui yao. Wakimfukuza, wote wawili watakasirika. Dawa ni kumuua, kwani maiti haiumi.

Tarehe 28 Septemba 48 K.K. mashua ndogo ilikwenda kumchukua kutoka melini. Ndani yake alikuwamo Achillas pamoja na Septimius, Mrumi aliyekuwa askari wa Pompey katika vita vya maharamia. Pompey alimwaga mkewe akashuka. Njiani hakuna aliyesema neno. Pompey akamtazama Septimius akamuuliza kama hawakuwahi kuwa askari pamoja. Yule akatikisa kichwa tu kukubali. Basi Pompey akatoa hotuba ya Kigiriki aliyoiandika kwa ajili ya mfalme, akaanza kuisoma. Walipofika ufukoni, alishika mkono wa Philip, mtumwa wake wa zamani aliyempa uhuru, ili ainuke. Septimius akamchoma kwa nyuma. Pompey alijifunika uso kwa joho lake kwa mikono miwili, akaguna, akafa. Cornelia aliyaona yote kutoka melini. Ilikuwa miaka 13 kamili tangu gwaride lile la siku mbili, na kesho yake angetimiza miaka 58.

Walimkata kichwa, mwili wakauacha mchangani. Philip akabaki. Aliuosha mwili kwa maji ya bahari, akaufunika kwa nguo yake mwenyewe, akatafuta mbao za mashua mbovu ya mvuvi ili auchome kama ilivyokuwa desturi ya Warumi. Mzee mmoja Mrumi, aliyekuwa askari wa Pompey zamani za ujana wao, alipita hapo akaomba amsaidie. Ndiyo yalikuwa mazishi ya Mkuu: watu wawili na moto wa mbao mbovu.

Caesar alipofika Misri akaletewa kichwa, aligeuka asikitazame. Alipopewa pete ya muhuri ya Pompey akalia. Pothinus aliuawa kwa amri yake, na mfalme mtoto alizama katika mto Nile mwaka wa 47 K.K. Tarehe 15 Machi 44 K.K. zamu ya Caesar ikafika. Alichomwa visu katika ule ukumbi wa Pompey, akaangukia chini ya sanamu ya mkwewe. Magofu ya mahali hapo bado yako katikati ya jiji la Roma.

Rafiki yangu bado hajakubali hoja yangu, na huenda baadhi yenu pia hamtakubali. Lakini nawaomba mpime jambo moja. Katika maisha ya Pompey makofi yalitoka kwa maelfu: kwenye gwaride, kwenye maua ya Naples, kwenye kambi ya Pharsalus. Hakuna hata mmoja kati ya maelfu hao aliyekuja ufukoni kuokota mbao. Aliyekuja ni mtu aliyepewa uhuru na askari mzee asiyejulikana hata jina. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tukishangiliwa tushukuru, lakini tukitaka ushauri, tuutafute kwa wale wachache ambao wangetuokotea mbao.